Msiweke Ennahda, al-Shabaab na ADF katika kapu moja

Ndugu Mhariri,

Bomu likilipuka Mogadishu, au kijiji kikivamiwa upande wa Beni nchini Kongo, magazeti yetu hapa Uganda, lenu likiwemo, huandika habari za "Waislamu wa siasa kali". Ndani ya aya hiyohiyo utawakuta Udugu wa Kiislamu wa Misri, chama cha Ennahda cha Tunisia, mwanasiasa Hassan al-Turabi wa Sudan, al-Shabaab wa Somalia na ADF, waasi wa Uganda walioko Kongo, wote kapu moja. Sisi tunaofundisha historia na siasa hatukubaliani na uandishi huo. Unamwachia msomaji majina matano asiyojua hata moja linafanyaje kazi, na unaiachia serikali hoja nyepesi.

Anayetaka kujua harakati ya Kiislamu inaelekea wapi asianzie kwenye hotuba za viongozi wake, kwa sababu hotuba karibu zote zinafanana. Aangalie namna inavyompokea mwanachama, kisha aangalie ni mlango upi wa siasa ambao dola imeuacha wazi. Mkakati huzaliwa pale mambo hayo mawili yanapokutana.

Tuanze na Misri, maana huko ndiko wengi walikochukua kielelezo. Hassan al-Banna, mwalimu wa shule, alianzisha Udugu wa Kiislamu mjini Ismailia mwaka 1928. Kilichouwezesha kudumu chini ya mfalme, chini ya Rais Nasser aliyejaza wanachama wake magerezani, na chini ya Mubarak, ni kikundi kidogo kiitwacho usra, yaani familia. Ni watu 5 hadi 8 hivi wanaokutana kila wiki chini ya mkuu wao. Hapo husomwa Qur'ani, hufundishwa mtaala uliopangwa kutoka juu, hukusanywa michango, na kila mmoja huulizwa habari za sala zake, kazi yake na nyumba yake. Mtu hajiungi kwa kununua kadi. Huanza kama mpenzi wa jumuiya, akichunguzwa pengine bila kujua kwamba anachunguzwa, kisha hupandishwa ngazi moja baada ya nyingine, tano kwa jumla, mpaka awe ndugu kamili mwenye haki ya kupiga kura ndani ya jumuiya. Safari hiyo huchukua kama miaka 5 hadi 8.

Faida yake inaonekana upesi. Mpelelezi wa polisi atachoka kabla hajafika ngazi ya tatu, na hata usra moja ikikamatwa, wanaofahamika ni watu wachache. Hasara yake huchelewa kuonekana. Mtu aliyepandishwa ngazi kwa sababu ya utii wake anafaa kulinda jumuiya inayoishi kwa kujificha. Waziri anatakiwa kubishana, kumvumilia mpinzani, na kumwambia mkubwa wake kwamba amekosea. Udugu uliposhika madaraka uliwapeleka serikalini watu wa aina ile ya kwanza, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuanguka kwake, hata kabla hatujalitaja jeshi.

Lakini kabla ya kufika huko walipata mafunzo marefu katika vyama vya kitaaluma: madaktari, wahandisi, wafamasia, na mwaka 1992 hata chama cha mawakili, kilichohesabiwa kuwa ngome ya wasomi wasiotaka dini iingizwe katika siasa. Humo hawakuwa wengi. Silaha yao ilikuwa mahudhurio. Tuseme chama kina wanachama 10,000 na siku ya uchaguzi wanafika 2,000 tu. Orodha yenye watu 1,200 ambao hakosi hata mmoja inachukua uongozi mzima. Wakishaingia, walifanya kazi iliyoonekana kwa macho, kama bima ya afya kwa wanachama na vifaa vya nyumbani kwa malipo ya polepole. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Cairo mwezi Oktoba 1992, misaada yao iliwafikia watu waliolala nje kabla ya ile ya serikali. Mubarak akajibu kwa sheria. Sheria namba 100 ya mwaka 1993 ilisema uchaguzi wa chama cha kitaaluma haukubaliki mpaka nusu ya wanachama wapige kura, au theluthi moja katika awamu ya pili, la sivyo uendeshaji wa chama unakabidhiwa majaji. Tumelieleza hili kwa kirefu kwa sababu hapa kwetu kamati za misikiti, za ushirika na za wazazi mashuleni huchaguliwa na wachache waliohudhuria, na wanaolalamika baadaye kwamba "wametekwa" huwa ni wale waliobaki nyumbani.

Sheria ya uchaguzi wa taifa nayo huamua mengi kuliko imani ya wapigakura. Algeria hutajwa sana na hueleweka kidogo. Chama cha Kiislamu cha FIS kilishinda halmashauri nyingi Juni 1990 kwa kura kama milioni 4.3. Tarehe 26 Desemba 1991, katika raundi ya kwanza ya uchaguzi wa bunge, kura za chama hicho zilishuka hadi milioni 3.3 hivi, yaani takriban robo ya watu wote walioandikishwa. Chama kilikuwa kimepoteza watu milioni moja katika mwaka mmoja na nusu wa kuendesha halmashauri! Lakini kila jimbo lilikuwa la mshindi mmoja, na wapinzani wake walikuwa wamegawanyika, kwa hiyo kikapata viti 188 kati ya 231 vilivyoamuliwa siku hiyo. Januari 1992 majenerali walimlazimisha Rais Chadli Bendjedid kujiuzulu, wakafuta raundi ya pili, na Machi FIS ikapigwa marufuku. Vita vilivyofuata viliua zaidi ya watu laki moja. Waliosema wanaiokoa demokrasia waliua jambo ambalo pengine uchaguzi mmoja au miwili zaidi ungelipunguza nguvu.

Tunisia ilichagua njia nyingine mwaka 2011. Viti viligawanywa kwa uwiano wa kura, kwa hesabu inayowapendelea wadogo, na kila orodha ililazimika kupanga mwanamume na mwanamke kwa zamu. Ennahda ilipata asilimia 37 ya kura na viti 89 kati ya 217. Ilikuwa ya kwanza kwa mbali, lakini haikuweza kutawala peke yake, ikaunda serikali na vyama viwili visivyo vya Kiislamu. Kwa mfumo wetu wa Uganda, wa mwenye kura nyingi kuchukua jimbo, asilimia ileile ingeipa karibu bunge zima. Uturuki ilifanya kinyume kabisa. Waliotaka kuvizuia vyama vidogo waliweka kizingiti cha asilimia 10, na mwaka 2002 chama cha Erdogan, AKP, kikapata viti 363 kati ya 550 kwa asilimia 34 tu ya kura, kwa sababu kura za karibu vyama vyote vingine zilitupwa. Erdogan huyohuyo alikuwa ameshinda umeya wa Istanbul mwaka 1994 kwa robo ya kura. Kizingiti kilichojengwa na wengine kilimbeba yeye.

Kuna mbinu ambayo waandishi wetu hawaigusi kabisa, nayo ni kujizuia kushinda. Mwaka 2005 Udugu wa Misri ulisimamisha wagombea kama 150 tu, wakiwa wagombea binafsi kwa kuwa jumuiya ilikuwa marufuku, ukapata viti 88 kati ya 454. Nchini Morocco chama cha Kiislamu cha PJD kiligombea mwaka 2002 katika majimbo yaliyozidi nusu kidogo tu, na baada ya milipuko ya Casablanca ya Mei 2003 kikapunguza tena wagombea wake katika uchaguzi wa halmashauri. Hesabu yao ilikuwa hii: tuwe wengi kiasi cha kutopuuzwa, tuwe wachache kiasi cha kutolitisha jeshi au mfalme. Misri ikaivunja hesabu hiyo. Baada ya Mubarak kuondoka, Udugu uliahidi kwamba hautagombea urais. Machi 2012 ukamteua Khairat al-Shater, na alipoenguliwa ukamsimamisha Mohamed Morsi. Raundi ya kwanza alipata chini ya robo ya kura. Raundi ya pili alishinda kwa asilimia 51.7, na kati ya waliompa kura walikuwemo wengi waliotaka tu kumzuia Ahmed Shafiq, waziri mkuu wa mwisho wa Mubarak. Kura hizo zilikuwa za mkopo, naye akazitumia kama mali yake: tarehe 22 Novemba 2012 alitoa tamko lililoziweka amri zake juu ya mahakama. Tarehe 3 Julai 2013 jeshi lilimpindua, na mwezi uliofuata mamia ya wafuasi wake waliuawa katika uwanja wa Rabaa. Mauaji yale hayana utetezi. Hata hivyo, mtu anayeyaeleza bila kulitaja tamko la Novemba anaeleza nusu ya habari.

Sudan inatuhusu zaidi, maana moto wake ulifika Gulu, Kitgum na milima ya Rwenzori. Al-Turabi alikuwa mwanasheria aliyesoma Khartoum, London na Paris. Rais Nimeiri alipopatana na wapinzani wake mwaka 1977, Turabi aliingia serikalini, na mwaka 1979 akawa mwanasheria mkuu. Hakuwa na umati kama wa vyama vya kale, Umma na kile cha tariqa ya Khatmiyya, vyenye wafuasi wa kurithi. Kwa hiyo alijenga kwa kuchagua mahali. Alianza na vyama vya wanafunzi, hasa Chuo Kikuu cha Khartoum. Zikafuata benki za Kiislamu, ya kwanza ikiwa ile ya Faisal, ambazo ziliwapa mtaji wafanyabiashara chipukizi waliokuwa karibu na harakati, nao wakaja kuwa wafadhili wake. Kisha maofisa wa jeshi, mmoja mmoja, kwa subira. Katika uchaguzi wa 1986 chama chake kilikuwa cha tatu kwa viti 51, na sehemu kubwa ya vile vilivyotengwa kwa wahitimu wa vyuo ilikuwa yake. Hayo ni mavuno ya miaka ya kazi miongoni mwa wanafunzi.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wenu watulie. Mwaka 1988 chama hicho kilikuwa ndani ya serikali ya Waziri Mkuu Sadiq al-Mahdi, Turabi mwenyewe akiwa waziri. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mapema 1989 serikali ilipoelekea kwenye mapatano na John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, ambayo yangesimamisha sheria za Kiislamu za Septemba 1983, walitoka. Tarehe 30 Juni 1989 Brigedia Omar al-Bashir akapindua serikali, na Turabi akapelekwa gerezani Kober pamoja na viongozi wengine ili ionekane kwamba mapinduzi ni ya jeshi tu. Kwa hiyo si kweli kwamba harakati hizi hutumia nguvu pale tu zinapofungiwa nje. Huyu alikuwa ndani, aliona kura zitamnyima alichokitaka, na alikuwa tayari na watu wake kambini. Kilichofuata tunakijua. Khartoum ikamsaidia Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, na ADF, Kampala ikamsaidia Garang, na mwaka 1995 nchi hizi mbili zikavunja uhusiano. Desemba 1999 Bashir alivunja bunge na kumng'oa Turabi, spika wake. Jeshi alilolitumia kama ngazi lilimshusha, na mwaka 2019 jeshi hilohilo likamshusha Bashir.

Ennahda ilisoma somo la Algeria, la Sudan na la Misri. Machi 2012 ilikubali kwamba katiba mpya isiitaje sharia. Baada ya wanasiasa Chokri Belaid na Mohamed Brahmi kuuawa mwaka 2013, iliingia kwenye mazungumzo, ikaachia serikali Januari 2014 kwa wataalamu wasio wa chama, na mwaka 2016 ikatenganisha rasmi daawa na siasa: anayehubiri msikitini haongozi chama, na anayeongoza chama hahubiri. Huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote katika harakati za aina hii, kwa sababu unaiondoa nguvu ya usra. Waliojiunga kwa ajili ya dini waliona wameachwa, na wapigakura wa kawaida hawakuona kazi zikipatikana wala bei zikishuka. Julai 2021 Rais Kais Saied alisimamisha bunge, na Aprili 2023 kiongozi wao Rached Ghannouchi alikamatwa akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Vijana wa kanda nzima waliliona hilo, na wenye bunduki wanalitumia kama hoja.

Sasa al-Shabaab. Wao walizaliwa katika nchi isiyo na dola, na kazi yao ni kuwa dola. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria mapato yao kuwa kama dola milioni 100 kwa mwaka. Dereva wa lori akifika kwenye kizuizi chao hulipa kiwango kinachojulikana na hupewa risiti. Akionyesha risiti hiyo kwenye kizuizi kinachofuata cha kundi hilo, halipishwi tena. Kwenye barabara za upande wa serikali amekuwa akilipa kila kizuizi, bila risiti. Mahakama zao nazo hupokea kesi za ardhi hata kutoka kwa wakazi wa Mogadishu, kwa kuwa hukumu hutoka upesi na hutekelezwa. Nyuma ya risiti na hukumu kuna kuuawa kwa anayekataa, na hilo lisisahaulike, hasa na sisi ambao zaidi ya wenzetu 70 waliuawa na mabomu ya al-Shabaab Kabalagala na Kyadondo, Kampala, tarehe 11 Julai 2010. Lakini askari wetu, walioko Somalia tangu Machi 2007, wanaweza kukomboa mji asubuhi, na kama jioni hakuna hakimu wala mkusanya kodi mwaminifu, mji umerudi mikononi mwa al-Shabaab.

ADF haiko katika daraja lolote kati ya hayo. Haina tawi la chama, haijaomba kura, haina zahanati wala mahakama inayohudumia raia wa Uganda. Iliwachoma moto wanafunzi 80 wa Chuo cha Ufundi Kichwamba Juni 1998, na Juni 2023 iliua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, katika Shule ya Sekondari Lhubiriha, Mpondwe. Vijana wengi hunaswa nayo kwa ahadi ya kazi au ya masomo ng'ambo, hujikuta wamevushwa mpaka wa Kongo, na kurudi hakuna. Kuiita "harakati ya Kiislamu" sawa na Ennahda ni kuipa heshima isiyostahili.

Hata hivyo ina asili yake, nayo ni ya hapa Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Waislamu wa Uganda walikuwa wamegawanyika juu ya nani awe Mufti, na kesi zikafika mahakamani. Machi 1991 vijana wa kundi la Tabligh walivamia makao makuu ya Baraza Kuu la Waislamu huko Old Kampala, polisi wakauawa, na mamia wakakamatwa, Jamil Mukulu, aliyekuja kuongoza ADF, akiwa miongoni mwao. Ni baada ya kutoka gerezani ndipo baadhi yao walipoelekea magharibi na kuchukua silaha. Katika miaka hiyohiyo Waislamu wengine waliounda chama cha Justice Forum walimsimamisha Muhammad Kibirige Mayanja kugombea urais mwaka 1996. Alipata asilimia 2 hivi ya kura, akashindwa, akagombea tena 2001. Chama hicho, kinachopokea watu wa dini zote kama Katiba inavyotaka katika Ibara ya 71, kilishinda kiti cha bunge katika uchaguzi mdogo wa Bugiri wa 2018. Kizazi kimoja, malalamiko yaleyale, njia mbili. Mwandishi wenu angewahoji wazee wa njia ya pili angepata makala bora kuliko ramani nyingine ya kambi za msituni.

Milango ya hapa kwetu bado haijakaa sawa. Katiba ya 1995, Ibara ya 129, inataja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Tangu wakati huo familia nyingi za Kiislamu zimemaliza mirathi kwa sheikh ambaye hukumu yake haina nguvu ya kisheria, na mjane anayedhulumiwa hana pa kukatia rufaa. Sheria ya taasisi za fedha ilirekebishwa mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu na nchi haikutetereka, kwa hiyo hoja kwamba kadhi ni mwanzo wa dola ya dini haina uzito. Ibara ya 23 inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, awe mwizi wa kuku au mtuhumiwa wa ugaidi. Kila kijana anayeshikiliwa wiki kadhaa bila mashtaka na kuachiwa kimya ni hotuba iliyo tayari kwa mtu anayetafuta wafuasi. Nao viongozi wetu wa pande mbili za Waislamu, Old Kampala na Kibuli, wanapogombania mali za wakfu mwaka baada ya mwaka, wawaambie vijana ni kiongozi gani wanaweza kumwondoa kwa kura na kwa utaratibu upi.

Kwenu, Mhariri, ombi letu ni la kazi. Mkiandika tena kuhusu kundi lolote, mwandishi aeleze mtu hujiungaje, nani hulipa gharama, nani anaweza kumwondoa kiongozi, na kundi lilifanya nini liliposhindwa uchaguzi. PJD ya Morocco ilianguka kutoka viti 125 hadi 13 Septemba 2021, na uongozi wake wote ukajiuzulu siku iliyofuata. Habari hiyo ilistahili nafasi kubwa kama ya bomu. Na mwandishi wenu wa bunge amuulize Mwanasheria Mkuu, kwa tarehe, mahakama za kadhi zitaanza lini kusikiliza kesi.

Wenu,
Walimu wa historia na siasa, Mbale